Shemeji Yako Amepewa Cheo

Stuttgart, Jumapili jioni

Dada mpendwa,

Shikamoo. Ama baada ya salamu, mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, ingawa jana tu tumeonana kwenye simu na nimeona umesuka twende kilioni. Zimekupendeza.

Dhumuni la barua hii ni siri. Ningekutumia ujumbe wa sauti, lakini ule wa mwisho uliufungua jikoni sauti ikiwa juu, wakausikia Mama, wapangaji wa uani na yule kijana anayeleta maji. Kwa hiyo nimekaa nimeshika kalamu, kama tulivyofundishwa darasa la 5. Isome peke yako, kisha iweke chini ya godoro. Na ukikutana na mama mkwe wangu Desemba kwenye kipaimara, wewe hujui lolote.

Shemeji yako anafagia.

Rudia kusoma, sijakosea herufi. Yule yule mwanaume wa Machame ambaye pale Tanga akikuta ufagio umelala mlangoni anauruka kama karuka nyoka, halafu anaita, "Mke wangu, kuna ufagio hapa!" Sasa anafagia ngazi, anapiga deki, anafuta vumbi kwenye mbao za kushikia, na akimaliza anasimama chini, mkono kiunoni, anaangalia juu kama fundi aliyepaua nyumba. Wala sikumlazimisha mimi. Kalazimishwa na kibao cha mbao kisichozidi ukubwa wa daftari.

Ngoja nikueleze. Wenyeji wa huku kusini wanaitwa Schwaben, na Wajerumani wenzao wanawatania kwa ubahili na usafi, kama sisi Wasambaa tunavyowatania Wachaga kwa hela. Yaani Mchaga katoka Kilimanjaro, kapanda ndege mbili, kaja kutua kwa Wachaga wengine. Desturi yao kubwa inaitwa Kehrwoche. Maana yake ni wiki ya kufagia, ila wewe ielewe kama zamu, ile ile ya bwenini, na kiranja wake. Sheria ya mji huu ya mwaka 1492 ilimtaka kila mtu atoe uchafu wake kila wiki. Mwaka huo Columbus alikuwa anapotea baharini akidhani anakwenda India. Hawa walikuwa wanaulizana nani hajafagia. Halmashauri yenyewe iliifuta kanuni yake mwaka 1988, lakini wenye nyumba nani awaambie? Waliihamishia kwenye mikataba ya kupanga, na ndiko ilikotukuta.

Jengo letu lina ghorofa tatu na familia sita, mbili kila ghorofa. Zamu ndogo ni ngazi za ghorofa yako, mnapokezana na jirani wiki kwa wiki. Zamu kubwa inakufikia kila baada ya wiki sita: mlango mkubwa, njia ya mbele mpaka barabarani, ua, mahali pa mapipa, na kule chini kunakowekwa baiskeli. Zamu ikifika kwako hupigiwi simu. Unakuta kibao kinaning'inia kwenye kitasa chako.

Siku ya kwanza shemeji yako alikiona, akafikiri mtu kakisahau. Akakitoa kwa adabu, akakitundika kwa jirani. Kesho yake kimerudi. Akakipeleka tena. Siku ya tatu kikaja kimefuatana na mwenyewe, Bibi wa Chini. Huyu ni mama wa miaka zaidi ya 80, nywele nyeupe kama pamba, aproni ya maua, na ndiye kiranja, ingawa hakuna aliyemchagua. Akasalimu "Grüß Gott", halafu akaanza kueleza.

Sasa shemeji yako alikuja na Kijerumani cha mtihani wa A1 alioufanyia Dar es Salaam. Alikuwa anaweza kutaja jina lake, kuagiza kahawa, na kusema anapenda mpira. Bibi naye haongei kile cha kitabuni, anaongea cha kwao, ambacho hata Wajerumani wa kaskazini wanatega sikio. Shemeji yako alishika neno moja tu, "wiki". Akajua kumbe anatakiwa wiki njema. Akatabasamu, akajibu, "Ahsante, nawe pia", akafunga mlango.

Mimi nilikuwa zamu ya usiku kule kwenye nyumba ya wazee. Narudi saa mbili asubuhi, miguu imevimba, namkuta bibi wa watu amekaa kwenye ngazi ananisubiri. Nikaeleweshwa. Nikaingia ndani nikamweleza mwenzangu. Akanyamaza kwanza. Kisha akaniuliza, "Ngazi za watu?"

Ilimchukua siku mbili kukubali, na alivyokubali akaweka sharti lake: afagie Mtanzania mwingine asione. Mtanzania wa karibu anakaa vituo vitano vya treni kutoka hapa, lakini haya. Akaamka saa saba usiku, akaanza kufagia gizani, ufagio unagonga vyuma vya ngazi ko, ko, ko. Huku kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni wakati wa kimya. Milango mitano ikafunguka. Basi kosa la kwanza likawa kutofagia, na la pili kufagia. Alipojirekebisha akafagia Jumapili mchana, siku ambayo huku hata chupa tupu huruhusiwi kwenda kuzitupa kwenye kontena la mtaani zisije zikalia. Hilo likawa la tatu.

Bibi wa Chini akaona huyu mtu si mvivu, hana mwalimu tu. Jumamosi iliyofuata, saa nne asubuhi, akapanda na ndoo yake. Akamfundisha: unaanzia juu unashuka, kona unaziingilia kwa brashi ndogo, dekio unalikamua mpaka lilie, maji machafu huyarudishii sakafu. Akamaliza, akapitisha kidole kwenye ubao wa kushikia, akakitazama kidole. Shemeji yako naye akapitisha cha kwake, akakitazama. Pale pale ukoo ukaundwa.

Kilichowaunganisha kabisa ni treni. Kituo kikuu cha mji huu wanakichimbia chini ya ardhi tangu mwaka 2010, na hakuna mzee wa Stuttgart asiyekuwa na hasira nacho. Siku moja Bibi anakilalamikia, shemeji yako akamwambia: wenzenu walianza kujenga reli Tanga mwaka 1893, wakafika Moshi mwaka 1911, miaka 18 kwa kilomita kama 350, na waliobeba mataruma ni babu zetu. Hiki ni kituo kimoja! Bibi alicheka mpaka akashika ukuta. Sikuwahi kumwona akicheka, nilidhani nalo lina siku yake.

Usidhani ni ngazi peke yake. Dada, huku hata takataka zina kabila. Maganda ya viazi kwake, karatasi kwake, plastiki kwake, na chupa za glasi unazitenga kwa rangi: nyeupe, kahawia, kijani. Wiki za kwanza nilikuwa nasimama na kopo la maziwa ya mgando mkononi nalitazama: kopo plastiki, kifuniko bati, kilicholizunguka karatasi. Ndoa tatu kwenye kopo moja, na zote unatakiwa uzivunje mwenyewe. Dirisha nalo hivyo hivyo. Baridi imekaza, tumewasha hita tunayoilipia, halafu mkataba unatutaka tufungue madirisha yote kila siku hewa ipite, ukuta usishike ukungu. Unalipia joto, unalisindikiza mpaka dirishani, unaliambia kwaheri.

Chupa za soda za plastiki na makopo ndizo zimempendeza shemeji yako. Ukinunua, unawekewa senti 25 juu ya bei. Ukirudisha, kuna mashine dukani inameza chupa na kutema karatasi, unakwenda nayo kaunta unalipwa. Yeye anasema hajaona kitu kigeni, huyo ni Mangi tu: kwetu ukifika dukani kutaka soda huna chupa, Mangi anakwambia lete chupa. Huyu ni Mangi wa chuma. Tofauti yake ni kwamba hakopeshi, na hakuulizi nyumbani hawajambo.

Kwa hiyo mwambie Mjomba maneno yake yametimia. Si ndiye aliyesema Ulaya hela zinaokotwa? Zinaokotwa kweli, chini ya benchi na kwenye mapipa ya bustani, senti 25, senti 8. Nikitoka kazini alfajiri namkuta mzee mmoja kituoni, koti limepigwa pasi, viatu vimesuguliwa, anamulika kila pipa kwa tochi kabla ya kuingiza mkono. Tunasalimiana. Siku moja nilikuwa na chupa mbili kwenye mkoba, nikashindwa kumpa mkononi, nikaziweka juu ya pipa nikageuka. Nilipopanda treni nikamwona amezichukua. Hilo usimwambie Mjomba.

Na unajua neno lenyewe "hela" tulilipata kwao? Ni Heller, sarafu yao ya zama za mkoloni. "Shule" nalo ni lao. Shemeji yako alipokuwa anajiandaa kuja alijipa moyo kwamba tayari ana maneno mawili kibindoni. Kweli anayo, na ndiyo hayo mawili yanayomtoa jasho: shule ya lugha jioni, na hela mwisho wa mwezi.

Lugha yenyewe ina mitego. Aliitwa kwenye usaili wa kazi, akaambiwa aje "nusu nane". Akahesabu: nane na nusu ya saa yao, kwetu saa mbili na nusu. Kumbe wakisema nusu nane wanamaanisha nusu ya kuiendea nane, yaani saa moja na nusu asubuhi. Akafika amechelewa dakika hamsini, kavaa tai, anatabasamu, kawahi dakika kumi kwa hesabu yake. Kazi hiyo hakuipata. Sasa yuko kwenye ghala la mikate, anaingia saa tisa usiku, na saa hakosei tena, huko hazitamkwi nusu.

Kwenye kodi ndiko nakuomba usicheke. Wanandoa wanapangwa kwa madaraja, na tulivyoshauriwa, anayepata zaidi akae daraja la 3, anayepata kidogo akae la 5. Mimi ni la 3. Barua ilipofika aliisoma mara mbili, akaniuliza kama kuna mtihani wa kupanda. Nikamwambia hakuna. Akasema hewala, mradi isifike Machame.

Na kanisa! Tulipokwenda kuandikishwa kwamba tumehamia, fomu ikauliza dini. Mwenzangu, mtoto wa mzee wa kanisa, akajibu kwa sauti, "Mlutheri!" kama yuko mbele ya madhabahu. Mshahara wa kwanza ukaja umekatwa. Kumbe huku sadaka haisubiri Jumapili, inakatwa na watu wa kodi kabla hujaiona: asilimia 8 ya kodi yako ya mapato hapa kwetu, na sehemu nyingi za nchi ni 9. Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893, hili hawakulitaja. Nyumbani ukibanwa unaweza kuiacha bahasha wiki moja, ukakaa nyuma, ukatoka kwa mlango wa pembeni kabla mhazini hajakuona. Hapa mhazini ni serikali. Ukitaka kuacha kulipa, unakwenda ofisini kutia saini kwamba umejitoa kanisani. Shemeji yako alikataa kata kata. "Nimebatizwa Machame, nitajitolea Stuttgart?" Basi tunalipa, na Jumapili tunakwenda, tunakuta waumini kumi na wanne na kinanda kikubwa kuliko cha usharika wetu. Hakuna mnada baada ya ibada. Kuna mara moja alitoka nje akasimama pale uwanjani kwa mazoea, anasubiri kuku na miwa vitolewe, mchungaji akaja kumuuliza kama amepotea.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya nishike kalamu.

Mwezi uliopita, Jumamosi saa tano, zamu kubwa imetufikia. Yuko mlangoni chini, glavu za mpira mkononi, ndoo miguuni. Simu ya picha ikalia: mama mkwe. Unamjua, simu yake haikatwi. Akapokea, akaileta karibu na uso ili ndoo isionekane, akasahau kwamba ufagio ameuegemeza begani kama bunduki.

"Mwanangu, uko wapi hapo? Na hicho nini?"

"Nasimamia usafi wa jengo, Mama."

Dada, hakusema uongo, na ndiyo balaa lake. Kesho yake mama mkwe alitoa bahasha ya shukrani usharikani: kijana wake amepewa usimamizi wa majengo Ujerumani. Kwenye kundi la familia zikamiminika pongezi. Baba mdogo akaandika kwamba ukoo ulijua. Kadi ya mchango wa harusi ya binamu, iliyokuwa imeandikwa laki moja, ikarudi imesahihishwa kuwa laki tano, "kwa nafasi yako". Wapwa wawili wametuma wasifu na vyeti, mmoja ana diploma ya ugavi, wanaomba mjomba wao awaweke popote hata kama ni chini yake. Chini yake kuna ndoo.

Nikamwambia ajisafishe, amwambie mama ukweli. Akanitazama kama nimemtukana. Akasema, ukimwondoa Bibi, jengo hili lina msimamizi gani mwingine? Tena anaanza kuamini. Theluji iliyopita aliamka mwenyewe alfajiri kwenda kuikwangua, maana siku za kazi njia inatakiwa iwe wazi kabla ya saa moja asubuhi. Ukishakwangua unamwaga changarawe watu wasiteleze, na theluji ikiyeyuka unafagia changarawe ulizozimwaga mwenyewe. Nilimsikia chini anapiga mluzi.

Juzi ndiyo akakamilisha. Ghorofa ya tatu amehamia kijana wa chuo, Mjerumani, katokea Berlin, ambako mambo haya hawayajui. Zamu ikamfikia. Kibao tukakikuta kimetundikwa kwenye kitasa chetu. Shemeji yako akakirudisha. Kikashuka tena. Bibi wa Chini magoti yanamsumbua siku hizi, akamtazama mwenzangu bila kusema neno. Basi akavaa shati la kola, akapanda, akabonyeza kengele. Mimi nimesimama ngazi ya chini nimeziba mdomo kwa khanga. Nikamsikia Mmachame anamfundisha Mjerumani, kwa lafudhi ile ile ya Bibi, kwamba unaanzia juu unashuka, kona kwa brashi ndogo, dekio mpaka lilie. Kijana akauliza kwani ni lazima.

"Tangu 1492," akajibu shemeji yako.

Kijana kafagia. Kafagia vibaya, na shemeji yako amepitisha kidole.

Sasa ombi, dada. Huyu bwana hana raha na fagio za huku. Anasema ni laini, zinabembeleza vumbi, haziliondoi, na kule uani kwenye mawe hazifai kitu. Anataka ufagio wa chelewa. Alimsimulia Bibi jinsi unavyotengenezwa kwa njiti za makuti, na Bibi naye sasa anautaka. Nenda Ngamiani sokoni, chagua tatu zilizokaza, zisiwe mbichi: mmoja wetu, mmoja wa Bibi, na mmoja wa yule kijana asipate kisingizio. Zifunge ndani ya khanga kuukuu. Kuna mwenzetu anatoka Dar es Salaam mwezi ujao, amekubali kubeba, namba yake nitakutumia. Mzigo utapitia Moshi kwanza, kwa mama mkwe, maana naye ana unga wa ndizi wa kutuma. Akikuuliza ndani ya khanga kuna nini, mwambie ni vifaa vya ofisi.

Mdogo wako akupendaye.